Utambuzi wa Kurtiella bidentata kwa Sifa za Gamba: Bawaba, Upande wa Mbele na Mipaka ya Ushahidi

Utangulizi

Kurtiella bidentata ni moluska wa vali mbili ambaye gamba lake kwa kawaida lina urefu wa karibu milimita 3. Akiwekwa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho, nafasi hubaki. Huishi katika mchanga wenye tope kuanzia pwani za Norwei hadi Bahari ya Mediterania, na katika Bahari ya Kaskazini ni miongoni mwa moluska wanaojitokeza kwa wingi katika sampuli za sakafu ya bahari. Kwa macho matupu ni chembe nyeupe iliyochanganyika na chembe nyeupe nyingine. Makala hii inafafanua namna gamba lake linavyosomwa ili jina la spishi lipatikane bila kubahatisha, na inaonyesha mahali ambapo usomaji huo huteleza hata mikononi mwa wachambuzi waangalifu.

Katika kazi za ufuatiliaji wa hali ya sakafu ya bahari, tope lililochotwa huoshwa juu ya chekeche, mara nyingi lenye matundu ya milimita 1, na kinachobaki huhifadhiwa, hutambuliwa na kuhesabiwa. Katika mabaki hayo hukutana makundi mawili yanayolingana kwa ukubwa lakini yanayotoa habari tofauti kabisa. Kundi la kwanza ni wachanga wa spishi kubwa, ambao wangeendelea kukua kama wangeachwa. Kundi la pili ni wapevu wa spishi ndogo, ambao wamekwisha kufika ukomo wa ukuaji wao na wengine tayari wamebeba mayai. Mchambuzi anayewaandika K. bidentata wapevu kuwa ni wachanga wa Abra alba, spishi inayofikia takribani sentimita 2, anakuwa ameripoti kwamba kizazi kipya kimetua katika eneo ambalo huenda halikupokea kizazi chochote. Kama eneo hilo lilikuwa limevurugwa na nyavu za kukokota au kwa kuchimbwa mchanga, kosa la milimita chache hugeuka kuwa hitimisho kwamba sakafu imeanza kupona. Hakuna hesabu ya kitakwimu inayoweza kulisahihisha kosa hilo baadaye, kwa kuwa limeingia kabla ya tarakimu ya kwanza kuandikwa.

Istilahi chache za lazima

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana mahali pazuri pa kuanzia. Kombe anayeokotwa Unguja wakati wa maji ya bamvua, Anadara antiquata, ana sehemu zote zinazohitajika hapa, tena kwa ukubwa unaoonekana bila hadubini. Gamba lake lina nusu mbili, na kila nusu inaitwa vali. Sehemu ya juu iliyovimba na kujikunja, ambayo ndiyo sehemu kongwe kuliko zote, ni kilele. Chini ya kilele, upande wa ndani, vali hizo mbili hukutana kwenye bawaba, na bawaba hiyo ina meno yanayozuia vali moja isiteleze juu ya nyingine. Katika kombe meno hayo ni madogo na mengi, yamepangwa kwa mstari kama meno ya kitana. Vali hufumbuliwa na ukano, yaani kamba nyumbufu inayosukuma au kuvuta pindi misuli inapolegea. Ndani ya kila vali kuna makovu mawili ya misuli ya kufungia, moja mbele na moja nyuma, na kati ya makovu hayo hupita mstari mwembamba unaoonyesha mahali joho, yaani tabaka la nyama linalotengeneza gamba, lilipokuwa limeshikamana na vali. Katika spishi zenye mirija mirefu ya kuvutia maji, mstari wa joho huingia ndani kwa upande wa nyuma na kufanya umbo la hori. Hori hilo ni ushahidi mkubwa, na kutokuwapo kwake ni ushahidi vilevile.

Kati ya kombe na K. bidentata, sehemu ni zilezile lakini karibu kila moja imebadilika. Mbavu nene za kombe hazipo. Safu ndefu ya meno haipo. Ukano umehama kutoka nje na kuingia ndani. Na kilele, kama itakavyoonyeshwa, kimeegemea upande usiotarajiwa.

Sura ya nje

Gamba la K. bidentata ni jembamba na jepesi kuvunjika, lenye umbo la yai lililolazwa ubavu, halikuvimba sana. Mnyama akiwa hai gamba huruhusu mwanga kupita kwa kiasi. Akifa na kukauka hugeuka kuwa jeupe la chokaa. Utando wa nje ni hafifu, wenye mng'ao kidogo na rangi ya manjano iliyopauka. Juu yake kuna mistari myembamba ya ukuaji inayofuata ukingo, na hakuna mbavu zinazoteremka kutoka kileleni. Sifa hii ya mwisho ina manufaa yake, kwa kuwa jamaa yake mdogo, Montacuta substriata, anayejishikiza kwenye miiba ya tumboni ya Spatangus purpureus, huonyesha mistari hafifu inayoteremka kutoka kileleni kuelekea ukingoni.

Rangi haina budi kutazamwa kwa shaka. Baadhi ya magamba hupatikana yakiwa na madoa ya kutu, hasa karibu na ukingo na kilele, kutokana na madini ya chuma yanayoganda juu yake katika tope lenye hewa kidogo. Wachambuzi waliojifunza kwamba kutu ni alama ya Tellimya ferruginosa, ambayo jina lake lenyewe linataja kutu, hujikuta wanatoa jina hilo kwa kila gamba dogo lenye rangi ya udongo mwekundu. Ukweli ni kwamba tabaka hilo limetoka nje ya mnyama na linaweza kubanduka. T. ferruginosa aliyesafishwa huwa mweupe, na K. bidentata aliyekaa mahali penye chuma huwa mwekundu. Kinachowatofautisha kwa sura ya nje ni urefu wa umbo: T. ferruginosa amerefuka zaidi kwa kulinganisha na kimo chake, na hufikia karibu milimita 8, kiasi ambacho K. bidentata hakifikii.

Mahali alipookotwa mnyama pia hushawishi kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba K. bidentata huishi kwa wingi ndani ya mashimo ya kiti cha pweza mwenye mikono myembamba, Amphiura filiformis, anayejizika topeni na kuacha ncha za mikono zikipepea juu. Ni kweli pia kwamba T. ferruginosa ni mwandani wa Echinocardium cordatum, mnyama wa miiba anayejichimbia mchangani. Lakini chekeche halihifadhi ujirani. Baada ya tope kuoshwa, wenyeji na wageni wao hulala pamoja katika chupa moja, na K. bidentata hupatikana vilevile pamoja na minyoo wa jamii ya sipunkula, katika matundu ya magamba ya chaza waliokufa, na pengine peke yake. Kuwapo kwa Amphiura katika chupa kunaruhusu kushuku. Hakuruhusu kuthibitisha.

Bawaba

Jina bidentata maana yake ni "yenye meno mawili", na anayetaka uhakika hana budi kufumbua gamba. Ndani ya vali ya kulia, chini ya kilele, kuna kishimo kidogo cha pembetatu ambamo ukano wa ndani hukaa. Pande mbili za kishimo hicho yamesimama meno mawili imara, moja likielekea mbele na jingine nyuma, yakitawanyika kutoka kileleni kama miguu ya mtu aliyesimama kwa kutanua. Vali ya kushoto haina meno ya namna hiyo. Ukingo wake wa juu umenenepa pande zote mbili za kishimo, na unene huo ndio unaokabiliana na meno ya vali ya kulia pindi gamba linapofungwa. Mstari wa joho hauna hori.

Maelezo hayo ni mafupi, na katika vielelezo vilivyochorwa vizuri huonekana kuwa rahisi. Ugumu huanza kwenye hadubini. Katika vali iliyokauka ukano huanguka na kishimo hubaki kitupu, kikifanana na pengo la jino lililong'oka. Katika vali iliyohifadhiwa na mnyama wake, ukano hubaki mahali pake na rangi yake ya kahawia huficha misingi ya meno. Aidha, meno yakitazamwa kutoka juu moja kwa moja hupoteza kimo chake na kuonekana kama mikunjo ya ukingo. Vali inapaswa kuinamishwa kidogo, mwanga ukitoka ubavuni juu ya sahani nyeusi, ili meno yatoe kivuli. Mara nyingi kivuli huonyesha jino kabla jino lenyewe halijaonekana.

Upande wa mbele uko wapi?

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Sifa ya kwanza ya bawaba inasema "vali ya kulia", na vali ya kulia haijulikani mpaka upande wa mbele ujulikane. Katika kombe, na katika jamii kubwa ya Veneridae ambayo wanafunzi wengi hufundishiwa kwayo, kilele kimeegemea mbele. Jicho likizoea hivyo hujiwekea kanuni bila kuambiwa: upande mfupi ni wa mbele. K. bidentata huivunja kanuni hiyo. Kilele chake kiko nyuma ya mstari wa kati, kwa hiyo upande mrefu ndio wa mbele na upande mfupi ndio wa nyuma.

Matokeo ya kusahau jambo hili yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Vali ya kulia ya moluska yeyote, ikishikwa kilele kikiwa juu na upande wa ndani ukimkabili mtazamaji, huwa na mbele yake kwenye mkono wa kushoto wa mtazamaji. Vali ya kulia ya K. bidentata ikishikwa hivyo, sehemu ndefu inaelekea kushoto na kilele kimesogea kulia. Mtazamaji mwenye mazoea ya Veneridae huona kilele kiko kulia, huamini mbele ni kulia, na hutamka kwamba ameshika vali ya kushoto. Kisha huona meno mawili imara na kuandika: "vali ya kushoto, meno mawili". Ufunguo wa utambuzi anaoutumia hauna njia inayopitia hapo kufika kwenye Kurtiella. Atapelekwa katika familia nyingine, na kwa kuwa kila ufunguo una mwisho, atapata jina.

Kwa mnyama aliye hai mwelekeo hauna utata. Mguu hutokea upande wa mbele, na maji huingia upande huohuo na kutokea nyuma, mpangilio ambao ni wa kawaida katika familia kuu ya Galeommatoidea. Kwa mnyama aliyehifadhiwa, mguu uliojikunja bado husaidia. Ugumu hubaki kwa vali tupu zilizotengana. Njia iliyo salama ni kuanza na vali kumi au zaidi kutoka sampuli moja, kuzigawa katika mafungu mawili kwa upande ambao kilele kimeegemea, kisha kulinganisha bawaba za mafungu hayo. Fungu moja likiwa na meno makubwa na jingine likiwa na ukingo ulionenepa tu, uhusiano wa pande umejitokeza wenyewe, na mchambuzi hahitaji kutegemea kumbukumbu ya Veneridae wala ya kombe.

Wanaofanana naye

Mfanani wa hatari kuliko wote ni yuleyule aliyetajwa mwanzoni, Abra mchanga. Hatari yake inatokana na jambo ambalo orodha nyingi za sifa hulitaja bila kulitilia mkazo: Abra naye ana kilele kilichosogea nyuma, naye ana ukano wa ndani katika kishimo, na vali yake ya kulia nayo ina meno mawili ya pembeni yaliyokua vizuri, moja mbele na jingine nyuma. Mchambuzi aliyekariri kwamba "meno mawili na kishimo katikati ni Kurtiella" atakuwa na haki, kwa maneno hayo, ya kumwita Abra mchanga Kurtiella, na kosa litakuwa limegeuka upande wa pili.

Tofauti ziko tatu, na hazina uzito sawa. Ya kwanza ni meno madogo ya katikati: Abra anayo karibu kabisa na kishimo cha ukano, mawili katika vali ya kulia, na K. bidentata hana. Ni madogo mno kwa gamba la milimita 3, na yakikwanguka hayaonekani tena. Ya pili ni ukano wa nje: Abra, pamoja na ule wa ndani, ana ukano mwingine unaoonekana nje nyuma ya kilele. Ya tatu ni hori la joho, ambalo katika Abra ni pana na lenye kina, kwa kuwa mnyama huyu ana mirija mirefu ya kufyonzea chakula juu ya tope. Hori ndilo ushahidi usiokanushika, lakini katika gamba changa na jembamba alama yake ni hafifu kama mstari wa unyevu juu ya kioo. Huonekana vizuri zaidi vali ikiwa imelowa kisha ikaachwa ianze kukauka. Kwa dakika moja au mbili, sehemu iliyosuguliwa na misuli hukauka kwa kasi tofauti na sehemu nyingine, na mstari hujichora.

Wafanani wengine hawahitaji muda mrefu. Thyasira flexuosa ni mweupe na dhaifu vilevile, lakini ana mkunjo unaoteremka upande wa nyuma na bawaba yake haina meno. Kellia suborbicularis ni karibu wa mviringo na amevimba. Wachanga wa Nucula hujulikana mara vali inapofumbuliwa, kwa safu ya meno mengi na mng'ao wa lulu upande wa ndani.

Gamba la awali

Kwenye ncha ya kilele huhifadhiwa gamba ambalo mnyama alikuwa nalo kabla ya kutua topeni. Kazi ya Ockelmann na Muus ya mwaka 1978, iliyofanywa katika maji ya Denmaki, ilieleza kwamba K. bidentata huwatunza viluwiluwi ndani ya joho kwa kipindi cha kwanza, kisha huwaachia waogelee na kujilisha kwa muda kabla ya kutua. Historia hiyo huacha sehemu mbili kileleni: kofia ndogo iliyotengenezwa wakati wa kutunzwa, na pete pana yenye mistari ya ukuaji iliyotengenezwa wakati wa kuogelea. Mpaka kati ya pete hiyo na gamba la kudumu huwa dhahiri.

Sehemu hizi hupimwa kwa mikromita, na kwa usahihi hutazamwa kwa hadubini ya elektroni. Hata hivyo hadubini ya kawaida ya ukuzaji mkubwa inatosha kuonyesha kama pete ya pili ipo au haipo, na jibu hilo peke yake hutenganisha spishi ambazo viluwiluwi wake huogelea na zile ambazo watoto hutoka kwa mama wakiwa tayari wanatambaa. Gamba la awali husaidia pia katika lile swali la umri. Mistari ya ukuaji iliyosongamana ukingoni mwa gamba la milimita 3 inaonyesha mnyama aliyepunguza kukua. Mistari iliyoachana kwa nafasi sawa hadi ukingoni inaonyesha mnyama aliyekuwa bado safarini.

Madhara ya chupa

Sehemu ya makosa ya utambuzi hutengenezwa maabara. Formalini isiyosawazishwa huwa na asidi, na asidi huyeyusha kalsiamu kaboneti. Gamba la kombe litastahimili kwa miezi. Gamba la K. bidentata hupoteza kwanza mng'ao, kisha makali ya meno, kisha hubaki utando ulioshikilia umbo la vali bila vali yenyewe. Mchambuzi anayefungua chupa ya namna hiyo hukuta bawaba "isiyo na meno" na kufuata njia ya Thyasira. Formalini inapaswa kusawazishwa kwa boraksi, na sampuli ihamishiwe kwenye ethanoli ya asilimia 70 bila kucheleweshwa. Dawa ya kung'arisha nguo, iliyozimuliwa, husafisha nyama iliyobaki ndani ya vali, lakini ikiachwa muda mrefu hula ukano na utando wa nje, ambavyo vyote viwili ni ushahidi.

Jina lilivyohama

George Montagu, mwanajeshi wa zamani aliyeishi Kingsbridge katika jimbo la Devon, alimweleza mnyama huyu mwaka 1803 katika kitabu chake Testacea Britannica kwa jina la Mya bidentata. Sehemu ya mkusanyo wake wa magamba imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Exeter. Katika karne zilizofuata spishi hii iliwekwa katika Montacuta, jenasi iliyotungwa na Turton mwaka 1822 kwa umbo la Kilatini la jina la Montagu mwenyewe, kisha katika Mysella. Jina Mysella lilitungwa na Angas mwaka 1877 kwa moluska wa Australia, na lilitumika Ulaya kwa sababu bawaba zilionekana kufanana. Mwaka 2008 Serge Gofas na Carmen Salas wa Chuo Kikuu cha Málaga waliirudia hoja hiyo kwa kulinganisha spishi za Ulaya na ile ya Australia iliyobeba jina, wakaona mfanano hautoshi, na wakaunda jenasi mpya, Kurtiella.

Kwa mtafiti wa leo historia hii ina matokeo ya moja kwa moja. Kazi muhimu za karne ya 20, ikiwemo ile ya Ockelmann na Muus na uchunguzi wa mwaka 1984 kuhusu uzazi na mabadiliko ya idadi katika Ghuba ya Galway, magharibi mwa Ayalandi, zote zinamwita mnyama huyu Mysella bidentata. Jedwali linalounganisha data za miaka ya 1980 na za miaka ya 2010 bila kusawazisha majina litaonyesha spishi moja ikitoweka na nyingine ikiibuka mahali palepale, kwa wingi uleule. Programu ya kompyuta haitashtuka. Inapaswa kushtuka ni akili ya anayesoma jedwali, hasa pale tarehe ya kutoweka inapokaribiana mno na mwaka 2008.

Mahali gamba linaponyamaza

Katika kitabu kilekile cha mwaka 1803 Montagu alimweleza pia moluska mwekundu wa nyufa za miamba anayejulikana leo kama Lasaea rubra. Huyu naye ni wa milimita 2 hadi 3, amevimba, na mara nyingi ana rangi ya waridi karibu na bawaba. Kumtambua hadi kiwango cha jenasi ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo gamba halisemi tena. Utafiti wa jenetiki, ukiwemo ule wa Ó Foighil na Smith wa mwaka 1995, ulionyesha kwamba wengi wa Lasaea duniani ni koo zinazozaliana bila kujamiiana, zenye seti nyingi za kromosomu, na kwamba koo zisizo na undugu wa karibu zinaweza kuishi katika ufa mmoja zikiwa na magamba ambayo jicho haliwezi kuyatenga. Lasaea australis wa Australia, anayezaliana kwa kujamiiana na kutoa viluwiluwi wanaoogelea, hubaini tofauti yake kileleni, katika ile pete ya pili ya gamba la awali. Wengine waliochunguzwa, ambao watoto wao hutoka wakitambaa, hawana pete hiyo, na kwao hakuna sifa ya bawaba wala ya umbo inayoweza kuchukua nafasi ya molekuli.

K. bidentata hajafikia hali hiyo. Jenasi yake ina spishi nyingine katika maji ya Ulaya, ikiwemo Kurtiella tumidula, lakini vali ya kulia iliyo nzima, yenye meno yasiyoliwa na asidi na kilele kilichohifadhi gamba la awali, bado inatosha kubeba jina. Vali ya kushoto ikiwa peke yake haitoshi kwa uzito huohuo, kwa kuwa ushahidi wake mkuu ni wa kukosa: haina meno, haina hori, haina mbavu. Vali ya namna hiyo, ikiwa haikupatikana pamoja na vali za kulia zilizothibitishwa katika sampuli ileile, huandikwa Kurtiella cf. bidentata na kuhesabiwa katika safu yake yenyewe. Vipande visivyo na kilele havihesabiwi, kwa sababu gamba moja lililovunjika vipande vinne lingehesabiwa kuwa wanyama wanne. Na katika kibandiko cha chupa, kando ya jina, huongezwa ni vali ipi iliyotazamwa, ili mtahini au mtafiti atakayeifungua chupa hiyo baada ya miaka ishirini aweze kuigeuza vali hiyohiyo chini ya mwanga wa ubavuni na kuona kama kivuli cha jino bado kipo.